Kupiga picha ya maghorofa ya Dar: pa kusimama na saa ya kusimama

Kila likizo ikikaribia swali ni lile lile. Binamu anatoka Mwanza, rafiki wa rafiki anatoka Mombasa, dada mmoja kaja Dar kwa semina ya siku tatu, na wote wanauliza: "Kaka, nipande jengo gani nipate picha ya mji mzima?" Nimelijibu kwa sauti za WhatsApp mpaka koo limekauka. Sasa naandika mara moja, mtumiane.

Usipande jengo. Angalau usianzie huko. Ukipanda ghorofa refu kuliko yote pale Posta, katikati ya mji, ghorofa hilo ndilo litakalokosekana kwenye picha yako. Utapata matangi ya maji juu ya mapaa, viyoyozi na kipande cha bandari. Mji anauona aliye nje yake, na Dar imejaliwa maji ya kukutoa nje: bahari, mlango wa bandari, hori la Msimbazi pale Salenda. Vuka maji, geuka, piga. Mengi ya yaliyomo humu ni namna ya kuvuka na saa ya kugeuka.

Uwe na hivi kabla ya kutoka

- Simu yenye kamera nzuri inatosha. Kama una kamera, beba lenzi ya kawaida na moja ya kuvuta. Lenzi pana sana iache nyumbani, sababu utaiona mbele.
- Stendi ndogo ya kamera au ya simu, kwa picha za taa zikishawaka.
- Kitambaa laini. Upepo wa bahari una chumvi, na kioo cha lenzi kinapata utando ambao macho hayauoni lakini picha inauona.
- Pawabenki.
- Google Maps, na programu yoyote inayoonyesha jua linazamia upande gani. Za bure zipo nyingi.
- Ratiba ya maji kujaa na kupwa kwa siku hiyo.
- Kitambulisho, na hela ndogo ndogo. Boda na muuza madafu wote watakwambia hawana chenji.
- Mtandio au fulana nyeusi. Kazi yake iko hatua ya 7.

1. Soma ramani ukiwa bado umekaa

Fungua ramani, weka kidole Posta, kisha tafuta maji yaliyo karibu. Baada ya hapo tafuta nchi kavu ya ng'ambo ambako mtu wa kawaida anaruhusiwa kusimama: ufukwe, daraja lenye njia ya miguu, kivuko, mgahawa. Kwa Dar utaona sehemu tatu zinajitokeza zenyewe. Kusini-mashariki ya Posta, ng'ambo ya mlango wa bandari, kuna Kigamboni. Kaskazini, baada ya Upanga, kuna Daraja la Tanzanite. Na mashariki kuna bahari yenyewe, ambayo utaipata ukiwa ndani ya boti.

Njia hii inafanya kazi mji wowote ulio kando ya maji. Mombasa, Mwanza, popote, tafuta kwanza maji halafu ng'ambo yake.

Kosa ninaloliona sana hapa ni kuchagua sehemu kwa sababu ni maarufu. Watu wanakwenda Slipway, Msasani, wakitarajia maghorofa. Slipway inatazama magharibi, kwenye ghuba. Ni pazuri kwa jua kuzama na mashua zilizotia nanga, sibishi, ila Posta iko nyuma ya mgongo wako kilomita kadhaa. Vivyo hivyo Coco Beach: ukikaa mchangani unatazama bahari tupu.

2. Jua jua linazama wapi na saa ngapi

Dar haiko mbali na ikweta, kwa hiyo saa za jua hazibadiliki sana. Mwaka mzima linazama kati ya saa 12 na dakika 10 hivi na saa 12 na dakika 50 jioni. Mwezi Mei na mwanzoni mwa Novemba linawahi. Januari na Februari linachelewa. Asubuhi linachomoza kati ya saa 12 kasoro kidogo na saa 12 na dakika 40 hivi.

Kinachobadilika zaidi ni upande. Juni linazama nyuzi 23 kaskazini ya magharibi, Desemba nyuzi kama hizo kusini ya magharibi. Ukiwa Kigamboni tofauti hiyo ni kubwa: katikati ya mwaka jua linashukia karibu na nyuma ya maghorofa yenyewe, Desemba linasogea kushoto kuelekea bandarini. Anayetaka mpira mwekundu kati ya majengo aje Juni au Julai, na hapo mvua za masika zinakuwa zimeshapita.

Jambo moja la kukariri: kwetu jua linashuka wima, linadumbukia. Ile saa ambayo anga ni ya bluu iliyokolea na taa za majengo zimewaka, inaanza dakika kama 10 baada ya jua kuzama na inakaa dakika 15, ikizidi sana 20. Baada ya hapo anga ni nyeusi tii na picha inakuwa nukta za taa kwenye giza. Ukifika jua likishazama, ukaanza kufungua stendi na kubishana na bodaboda juu ya nauli, umeshachelewa. Fika saa nzima kabla.

3. Jua visivyopigwa

Hapa sitanii. Ikulu iko Magogoni, hatua chache kutoka kivukoni. Usiielekezee kamera. Kambi za jeshi, vituo vya polisi, askari, na shughuli za bandarini, vivyo hivyo. Kigamboni ina Kamandi ya Wanamaji, kwa hiyo usitangetange ufukweni ukifuata mwanga tu. Ukiona bango la eneo la jeshi, geuka bila kungoja kuambiwa.

Drone nayo usiirushe kwa kuwa tu umeona mwenzako karusha. Inahitaji kibali, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndipo pa kuanzia. Na kama picha au video ni ya kazi, tangazo la kampuni au filamu, kaulizie Bodi ya Filamu kabla hujaja na watu na vifaa. Mtalii na simu yake hana habari na hayo.

Akitokea mlinzi au askari akikuuliza, usikimbie wala usipandishe sauti. Msalimie, mwonyeshe ulichopiga, akisema futa, futa. Picha nyingine utapiga kesho.

4. Anzia Kigamboni

Kama una jioni moja tu Dar, iweke hapa.

Watu wengi wa Kigamboni wanafanya kazi mjini. Asubuhi pantoni, yaani kivuko, linakuja Kivukoni limejaa, jioni linarudi Kigamboni limejaa, watu bega kwa bega, na bajaji na pikipiki zinasukumana kutafuta nafasi. Mgeni asiyejua anapanda saa 11 na nusu pamoja na umati huo, anavuka akiwa amebanwa katikati, haoni hata maji, anafika ng'ambo jua limekwisha. Wewe fanya kinyume chao. Vuka kwenda Kigamboni mapema, saa 10 hivi, kabla maofisi hayajatoka. Kunywa dafu. Chagua sehemu yako. Ukimaliza kazi, rudi na pantoni la kuja mjini, ambalo saa hiyo lina nafasi, na linakuelekeza uso kwa uso na Posta njia nzima. Kwa jioni moja umepata sehemu mbili za kupigia: ufukweni na majini.

Nauli ya mtembea kwa miguu ni ndogo, inalipwa kwa kadi ya N-Card. Ukiwa getini na kwenye sehemu ya kusubiri, kamera ikae ndani ya begi. Ukishaingia ndani ya pantoni, muulize kwanza mfanyakazi wa kivuko. Wengi watakuitikia ukiwasalimia kabla ya kuomba. Ukianza na kamera ndipo wanapokuwa wakali.

Ukishuka Kigamboni, usipige pale pale kwenye geti. Sogea kando, uliza wavuvi njia ya kushukia ufukweni ambayo haina shida. "Shikamoo baba, naomba kuuliza, hapa naruhusiwa kupita na kamera?" Sentensi hiyo imenifungulia njia nyingi kuliko lenzi yoyote niliyonunua.

Ukitazama ng'ambo, hivi ndivyo utakavyoviona. Kushoto ni minara mirefu: jengo la Mamlaka ya Bandari na minara pacha iliyojengwa na PSPF, uliokuwa mfuko wa pensheni, yote yana urefu wa mita 150 na kitu. Chini yake, kama wazee waliokaa miguuni pa vijana, kuna makanisa mawili ya zama za Wajerumani. Azania Front la Walutheri lilianza kujengwa mwaka 1898, na ni rahisi kulitambua kwa kuta nyeupe na vigae vyekundu. Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki lina mnara uliochongoka. Usikate picha ukabaki na vioo vya juu tu. Dar ni hayo makanisa madogo chini ya minara, pamoja na mashua zilizo mbele yake. Bila hivyo utakuwa na picha ya mji wowote.

Hapa ndipo lenzi pana inapowaangusha watu. Inaingiza kila kitu, lakini mji unakuwa uzi mwembamba katikati, juu anga nusu nzima, chini maji nusu nzima. Vuta mara mbili au mara tatu. Simu nyingi za siku hizi zina lenzi ya pili ya kuvuta. Tumia hiyo, usivute kwa vidole mpaka picha ikavunjika.

Asubuhi ni habari nyingine. Jua linatoka mashariki, kwa hiyo ukiwa Kigamboni linakupita begani na kuyapiga majengo usoni, vioo vinawaka rangi ya dhahabu kwa dakika chache. Jioni unapata vivuli vyeusi na anga yenye moto. Asubuhi unapata majengo yenyewe na rangi zake. Mimi asubuhi naipenda zaidi, ila najua wengi wenu hamtaamka.

Onyo lililonigharimu jioni nzima: nilipanda pantoni mara ya kwanza na stendi yangu mpya, nikaifungua sitahani, nikaweka shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, sekunde 4, nikajiona fundi. Picha zote zilitoka kama mtu aliyetikiswa na degedege. Injini inatetemesha chuma chote na stendi inapokea kila mtetemo. Ndani ya pantoni shika kwa mikono, bana viwiko mbavuni, tumia shata ya haraka, na kama giza limeingia pandisha ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga, bila huruma. Stendi ni ya nchi kavu.

5. Daraja la Tanzanite

Daraja hili lilizinduliwa Machi 2022, lina urefu wa kilomita 1 na kidogo, na linapita juu ya bahari kutoka upande wa hospitali ya Aga Khan hadi Coco. Lina njia ya miguu. Mwambie boda akushushe mwanzoni mwa daraja upande wa Coco, kisha tembea. Usimwambie asimame katikati. Haruhusiwi, na magari yanakuja kasi.

Ukiwa upande wa kaskazini unatazama kusini: Upanga mbele, nyuma yake Posta. Asubuhi mwanga unakuja kutoka kushoto, jioni kutoka kulia, kwa hiyo majengo yanakuwa na upande wa mwanga na upande wa kivuli. Ni mwanga mzuri kwa anayeanza, kwa sababu si rahisi kuharibu. Kingo za daraja zinaweza kukuongoza macho mpaka mjini. Ziingize kwenye fremu kutoka kona ya chini.

Stendi hapa nayo ina mashaka, kila lori likipita daraja linapumua. Subiri pengo kati ya magari ndipo ubonyeze.

Daraja lenyewe pia ni picha. Shuka ufukweni upande wa Barabara ya Barack Obama, ile tuliyozoea kuiita Ocean Road, maji yakiwa yamepwa. Mchanga uliolowa unakuwa kioo na nyaya za daraja zinaonekana mara mbili. Hapo ratiba ya maji ina maana: wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa Dar hufika mita 3 na zaidi. Mchanga uliosimama juu yake saa 5 unaweza usiwepo saa 10. Usiache begi nyuma yako ukadhani bahari inakulindia.

Ukimaliza rudi Coco ule mihogo ya kukaanga. Ila kamera iwe imeshaingia begini. Vibaka wa pikipiki hawachagui, na simu iliyonyooshwa mkono mmoja kando ya barabara ni yao. Vaa kamba ya mkononi, geuza mgongo kwenye ukuta na si kwenye barabara, na giza likiingia msiwe chini ya wawili.

6. Boti ya Zanzibar

Kama unakwenda Zanzibar hata hivyo, umeshalipia picha hii. Panda boti ya kwanza ya asubuhi, usikae ndani kwenye kiyoyozi, nenda nyuma kwenye sitaha ya wazi. Wakati wa kutoka bandarini tulia, kamera chini, kwa sababu zile za hatua ya 3. Boti ikishatoka nje ya mlango na kuanza kushika kasi, geuka. Jua liko mashariki, mji mzima unapokea mwanga, na povu la injini linachora mstari kutoka kwako mpaka Posta. Una dakika 10 hivi kabla majengo hayajawa meno madogo. Shata ya haraka, hakuna stendi.

7. Sasa unaweza kupanda juu

Ukishapata picha za nje, paa lina maana, kwa sababu sasa unajua unatafuta nini. Njia rahisi ni hoteli na migahawa yenye ukumbi wa juu. Kilimanjaro, hoteli ya zamani pale Kivukoni ambayo siku hizi iko chini ya Hyatt, ina baa juu ghorofa ya 8 inayotazama bandari. Utalipa soda kwa bei ya chakula cha mchana, lakini hakuna atakayekuuliza kwa nini unapiga picha. Stendi kubwa uulize kwanza.

Njia ya pili ni paa la jengo la kawaida, Kariakoo au Upanga, na hapo unahitaji mdomo. Mara ya mwisho nilipopata paa zuri Kariakoo mazungumzo yalikwenda hivi, kwa mlinzi aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unamtafuta nani?"

"Simtafuti mtu, mzee wangu. Napiga picha za mji, za kumbukumbu. Nilikuwa naulizia kama paa la hapa linafikika."

"Paa lina kufuli. Ufunguo anao msimamizi."

"Yupo?"

"Kaenda kuswali. Msubiri."

Hiyo "msubiri" ni nusu ya ruhusa. Nilikaa naye, tukaongea mpira, msimamizi aliporudi ni mlinzi aliyeniombea. Niliacha kitambulisho chini, nikapewa nusu saa. Jengo jingine, la mtaa wa pili, nilijifanya mjanja nikapita na wapangaji kwenye lifti. Nilishushwa kwa maneno ambayo siyaandiki hapa, na yalikuwa halali yangu.

Ukiwa juu usikaribie ukingo usio na ukuta, na usipande jengo ambalo bado linajengwa, hata fundi akikwambia poa tu.

Kama umepata dirisha tu na si paa, zima taa za chumba, bandika lenzi kwenye kioo, kisha zungushia ule mtandio mweusi ili mwanga wa ndani usirudi kwenye picha.

8. Kupiga kwenyewe

Mchana: usihangaike. Saa 6 jua liko utosini, anga ni nyeupe kama maji ya mchele. Tumia mchana kutafuta sehemu.

Jua likiwa linazama, kwa simu: gusa anga kwenye skrini, shikilia mpaka ifunge, kisha shusha mwanga kidogo. Ukigusa majengo, simu itayaangaza na anga itaungua.

Taa zikiwaka, kwa kamera kwenye stendi: ISO 100, tundu la lenzi f/8, shata uanzie sekunde 2 uende mpaka 8 kadiri giza linavyoingia, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisitikise. Kwa simu, hali ya usiku na stendi; usishike kwa mkono ukitegemea miujiza.

Piga moja kila dakika mbili, hata kama unadhani umeshaipata. Nzuri kwa kawaida ni ile uliyopiga wakati wenzako wameshaanza kukunja vitu.

9. Kama una siku ya pili, rudi pale pale

Siku ya kwanza umejua mwanga uko wapi, siku ya pili unajua pa kusimama. Mvua ikinyesha mchana usikate tamaa: ikikatika, vumbi lote limeoshwa na majengo ya mbali yanaonekana kama umeyasogeza. Picha zangu tatu ninazozipenda ni za jioni baada ya mvua ya vuli.

Mambo yakienda kombo

*Picha ina ukungu mweupe, kama imepigwa kupitia nailoni.* Umetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi. Joto la Dar lina unyevu na kioo cha baridi kinatoka jasho. Kufuta hakusaidii, linarudi. Toa kamera nje dakika 15 au 20 kabla, ikiwa ndani ya begi. Kama ukungu upo hata asubuhi ufukweni, hiyo ni chumvi, tumia kitambaa.

*Majengo yanaangukia nyuma.* Umesimama karibu ukainua kamera juu. Rudi nyuma, au ng'ambo ya maji, kamera iwe sawa na upeo.

*Bahari imelala upande.* Washa mistari ya gridi kwenye kamera. Mstari wa maji ndio kipimo, si paa la jengo.

*Taa zimemwagika, zimekuwa madoa meupe.* Umefungua shata muda mrefu mno, au umechelewa na anga imekuwa nyeusi. Punguza muda nusu. Kama ni kuchelewa, hakuna dawa usiku huo.

*Kila kitu kimetikisika ingawa stendi ipo.* Upepo wa kusi, Juni hadi Septemba, unatikisa stendi nyepesi. Ishushe miguu iwe fupi, ning'iniza begi katikati, usiinue nguzo ya kati. Kama uko pantoni rudi hatua ya 4, kama uko darajani rudi hatua ya 5.

*Jua limezama nyuma ya wingu, hamna rangi.* Usiondoke. Subiri zile dakika 20. Wingu zito linachukua bluu vizuri, na taa za majengo hazijali jua lilizama vipi.

*Umezuiwa kila mahali.* Nenda kwa muuza madafu aliye karibu na maji, nunua moja, mwambie unatafuta nini. Yeye anakaa pale kila siku, anajua upande gani mlinzi ni mkali na upande gani watu wanapiga picha za harusi.

*Umekosa pantoni la kurudi na giza limeingia.* Yanavuka usiku pia, subiri jingine. Au chukua bajaji uzungukie Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa mwaka 2016, ila kubaliana bei kabla ya kupanda. Utaona taa za Posta kwa mbali kulia ukivuka kuelekea Kurasini. Wengine wanapigia pale kwa lenzi ndefu. Kwa anayeanza sipashauri, mbele yako ni bandari na utaulizwa maswali. Tazama tu kwa macho, kamera ikae begini.